Shajara ya mradi: kadi za neno «saba»

12 Mei

Mradi ni bango la ukutani, saizi ya A1. Katikati litakaa neno moja tu, saba, na kulizunguka zitakaa kadi za lugha zinazolitamka hivyo hivyo au karibu na hivyo, kila lugha na maana yake. Litabandikwa kwenye chumba cha kusomea mtaani kwetu, pale vijana wa sekondari wanapokaa jioni kwa sababu umeme haukatiki ovyo.

Maneno mengine yaligombea. Baba nimelitoa mapema. Maneno ya kundi lile (baba, mama, dada, tata) huzaliwa midomoni mwa watoto wachanga kila pembe ya dunia, kwa hiyo kufanana kwake kuna sababu yake, na mimi natafuta kufanana kusiko na sababu. Sana nalo lilikuwa tamu: kwa Kifini ni "neno", kwa Kituruki ni "kwako", kwa Kiarabu ni "mwaka". Saba limeshinda kwa kuwa ni namba. Mtu akitajiwa namba haulizi mara mbili.

Na kuna kilichonichokoza. Kwenye makundi ya WhatsApp unazunguka ujumbe wa sauti, bwana mmoja mwenye sauti ya redio anaeleza kwamba Malkia wa Saba aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa wa saba katika ukoo wake, na kwamba Wabambara wa Mali nao huhesabu kwa saba, "kwa hiyo lugha ni ile ile, tumefichwa tu". Nimetumiwa na watu ninaowaheshimu. Kubishana nao kundini ni kazi ya bure. Bango litakaa ukutani na halitajibu kwa hasira.

Kanuni nimeziandika juu ya jedwali kabla ya kuingiza kadi hata moja. Rangi ni tatu. Kijani: maneno ni ndugu, yametoka kwa mama mmoja. Njano: neno limekopwa. Kijivu: sadfa tupu. Na kila kadi ina mstari wa lazima unaouliza: ndugu zake wa nyumbani wanasemaje? Kabla mstari huo haujajazwa, kadi haipati rangi.

14 Mei

Nimeanza na kadi ya nyumbani.

Hesabu yetu ina damu mbili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Hapo zamani nafasi zao zilikuwa na wenyewe: tandatu, mfungate, kenda. Kenda bado unaikuta kwa washairi na kwa wazee wa pwani. Mfungate imebaki imejificha ndani ya fungate, zile siku saba za bwana na bibi harusi ndani ya nyumba, wanapikiwa na hawatoki. Leo fungate yenyewe imekuwa siku tatu hotelini, lakini ndani ya jina namba ingalipo.

Ndugu wa nyumbani wanasemaje? Wagiriama wanasema fungahe. Wasukuma, mpungati. Ngazidja, Komoro, mfukare. Ukiziweka hizo tatu kando ya mfungate huhitaji mwanaisimu akuambie kitu. Saba ndiyo iliyokuja baadaye, ikamkuta mwenyeji, ikamhamishia chumba cha arusi.

Upande wa pili, saba ya Kiarabu ina ukoo wake mpana: Kiebrania sheva, Kiamhari sabat, Kimalta sebgħa, Kiakadi cha Babeli ya kale sebe. Kwa hiyo kati ya Kiswahili na Kiarabu rangi ni njano, na kati ya Kiarabu na hao wengine ni kijani. Kadi moja, rangi mbili. Jedwali langu halikuwa na nafasi ya rangi mbili, nimeongeza safu.

Nilimpigia mama mdogo wangu wa Tanga kumuuliza kama amewahi kusikia mtu akihesabu mfungate. "Mwanangu, bibi yako alikuwa akihesabu hivyo akipanga vifungu vya mihogo, ukimkatiza anaanza upya." Nimemwomba arudie mfululizo wote. Alikwenda vizuri mpaka tandatu, akacheka, akasema mengine yamepotea na bibi.

15 Mei

Kadi ya Kihausa imenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Kwa Kihausa saba ni kitenzi, "kuzoea": ya saba, amezoea. Namba saba ni bakwai. Lakini sabini kwao ni saba'in, kutoka Kiarabu, kama sisi. Makumi yao yote kuanzia ishirini ni ya Kiarabu: ashirin, talatin, arba'in, hamsin. Biashara ya jangwani iliwapa makumi, wakabaki na bakwai yao. Sisi biashara ya bahari ilitupa makumi, na katika namba ndogo tukachukua sita, saba na tisa juu yake. Mtu anayedhani neno hukopwa kwa kukosa jina la kitu aiangalie kadi hii: hapakuwa na upungufu wa namba kwa Mhausa wala kwa Mswahili.

Saba ya Kihausa: kijivu.

Hapo hapo nimeweka onyo kwa ajili ya wasomaji wetu wa Kongo. Kilingala kina nsambo kwa maana ya saba, na ukiisema haraka inakaribia yetu. Si yetu. Nduguze ni nsambwadi ya Kikongo na musanvu ya Kiganda, Bantu kwa Bantu. Kwa hiyo ndani ya Kibantu chenyewe kuna zaidi ya neno moja la kale la namba hii, na mojawapo linafanana na la Kiarabu kwa bahati tu.

19 Mei

Siku nzima nimekaa na Kiarabu. Hapa ndipo ujumbe wa sauti unapovunjika, na hauhitaji hata nyundo.

Aliyepita chuoni anakumbuka herufi. Namba saba huandikwa kwa sini, be, aini. Nchi ya Saba huandikwa kwa sini, be, hamza. Na liko neno la tatu, upepo mwanana wa mashariki unaosifiwa na washairi, linaloanza kwa swadi. Kwa Mwarabu haya ni maneno matatu yasiyokaribiana, na sauti zake zinatoka sehemu tofauti za koo na ulimi. Sisi tumeyapitisha kwenye ulimi wetu usio na aini wala hamza, na swadi tunaikumbuka tukitaka (swala, swahiba) na kuisahau tukitaka, yote yakatoka mlango mmoja: saba, saba, saba.

Kwa hiyo pacha hawa hawakuzaliwa pamoja. Wamefanana baada ya kufika kwetu.

Hoja yenye nguvu kidogo kwa upande wa bwana wa redio iko kwenye Biblia, na sikutaka kuiruka. Biblia ya Kiswahili ina malkia wa Sheba, 1 Wafalme 10, na ina Beer-sheba, Mwanzo 21, mahali ambapo Ibrahimu aliwatenga kondoo majike saba. Sheba na sheba. Basi malkia ni wa saba! Lakini Kiebrania kinaandika kile cha kisima kwa ayin mwishoni na kile cha malkia kwa alef, tofauti ile ile ya aini na hamza. Na maandishi ya Wasaba wenyewe, yaliyochongwa kwenye mawe ya Yemen kwa hati yao ya kale, yanaandika jina la nchi kwa hamza. Wao ndio wenye nchi. Kauli yao ndiyo ya mwisho.

Kadi ya Saba ya Yemen nimeijaza zaidi ya nafasi iliyokuwepo, kwa makusudi. Mji mkuu ulikuwa Marib. Utajiri ulikuwa ubani na maji: bwawa la Marib lilikinga mafuriko ya msimu na kuyagawa mashambani kwa karne nyingi, likabomoka mara ya mwisho katika karne ya 6 B.K. Sura ya 34 ya Qurani inabeba jina hilo, na ndimo yanamotajwa mafuriko yaliyoharibu zile bustani mbili. Malkia yumo katika sura ya 27, na habari zake zinaletwa na ndege hudihudi aliyechelewa kuhudhuria gwaride la Nabii Suleiman. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza mabaki ya ufalme huo katika orodha ya urithi wa dunia, na papo hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita. Waethiopia wanamwita malkia huyo Makeda, Waarabu Bilqis. Hakuna mapokeo kati ya hayo yanayomhesabu.

Kazi ya fundi: kitafutio cha jedwali kilikuwa kinarudisha kila kitu ukiandika saba. Nimeipa kila kadi kitambulisho, saba-1 ya namba, saba-2 ya nchi, saba-3 ya upepo, na kuendelea. Kamusi zetu hufanya hivyo kwa tarakimu ndogo ya juu. Mimi nimetumia kistari ili jedwali lisinune.

20 Mei

Nyongeza fupi. Sabalkheri haina saba ndani yake. Ni ile "asubuhi ya heri" ya Kiarabu, yenye swadi na ile he nzito ya mwisho, na ni ndugu wa damu wa asubuhi yetu. Kijani kati ya sabalkheri na asubuhi, hakuna kitu kati yake na namba. Waturuki wao wamechukua neno hilo hilo kama sabah.

23 Mei

Nimekwenda Unguja kwa shughuli nyingine, nikapitia kwa mwalimu mmoja wa fidla anayepiga taarabu. Nilitaka kusikia saba-4, yaani maqam ya Saba, moja ya njia za muziki wa Kiarabu.

Alikaza upinde akapiga taratibu: re, mi iliyoshushwa kiasi cha robo, fa. Mpaka hapo, alisema, sikio lako linadhani uko Bayati, njia nyingine inayoanza hivyo hivyo, na linangoja sol. Halafu haiji. Inakuja sol iliyoshushwa, imebanana na fa kama vidole viwili kwenye pete moja, na kifua kinaingia ndani. Alirudia zile noti nne mara kadhaa bila kuzipamba. "Hii, mwanangu, ukiipiga arusini wenye arusi wanakuangalia."

Uturuki adhana ya alfajiri kwa desturi husomwa kwa Saba. Wasomaji wa Qurani huiendea kwenye aya za huzuni na toba. Jina lake huandikwa kwa swadi, kama lile la upepo, na hivyo ndivyo nilivyoiandika kwenye kadi: mbali na namba, mbali na malkia.

Mwalimu alinisimulia kwamba wanafunzi wapya hudhani ni njia ya saba kwenye orodha. Sikushangaa hata kidogo.

30 Mei

Kibambara. Hii ndiyo hoja ya pili ya ujumbe wa sauti, nami nimeipa heshima yake.

Ni kweli, Kibambara kina saba, na ni kweli ni namba. Hesabu yao: kelen, fila, saba, naani, duuru, wɔɔrɔ, wolonwula. Saba yao ni tatu. Saba yetu kwao ni wolonwula. Ukisimama sokoni Bamako ukaomba maembe saba utaondoka na matatu, na muuzaji hajakuibia.

Mstari wa lazima: ndugu wa nyumbani? Kimandinka, saba. Kikpelle cha Liberia, saaba. Kimende cha Sierra Leone, sawa. Kivai, sakpa. Kisusu cha Guinea, saxan. Hilo ni neno lililokomaa nyumbani, limezaa, watoto wamehamia misituni na kubadilisha konsonanti kila mmoja kivyake. Neno lililokopwa jana kwa wafanyabiashara Waislamu halina ukoo wa namna hiyo. Halafu jiulize: nani anayekopa namba ya tatu akaacha nne na tano?

Kijani baina yao. Kijivu na sisi.

Msomaji mmoja niliyemwonyesha rasimu alisema, "Lakini zote ni namba, si kitu hicho?" Si kitu. Tatu si saba. Ukilegeza maana kiasi hicho utaoanisha chochote na chochote.

Na hata maana ikiwa sawa sawa, bado si ushahidi. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, kilimwita mbwa dog, neno lile lile la Kiingereza kwa maana ile ile. Jirani zake Wayidiny wanasema gudaga. Kimbabaram kilikuwa na tabia ya kudondosha silabi ya mwanzo na kukata mwisho wa neno, na gudaga ikapunguzwa hadi ikafika dog bila Mwingereza kuhusika. Hii haina saba lakini nimeipa kadi ndogo pembeni, kwa sababu inafunga mdomo haraka.

4 Juni

Japani nimeichelewesha kama nyama ya mwisho kwenye sahani.

Saba kwa Kijapani ni samaki. Ni ukoo wa vibua wetu: mgongo wa mistari ya buluu na kijani, tumbo la fedha, mafuta mengi. Anayekwenda Feri alfajiri anajua tabia ya samaki wa aina hii, ukimchelewesha juani saa mbili tu jicho linafifia na nyama inalegea. Wajapani wana msemo kwamba saba huoza angali hai. Sayansi inawaunga mkono kwa namna fulani: nyama ya samaki hawa ina histidini nyingi, na bakteria wakiipata kwenye joto huigeuza histamini, ndiyo inayomwasha mtu midomo na kumtoa vipele hata kama samaki amekaangwa vizuri.

Sasa sikia. Wana nahau, saba o yomu, neno kwa neno "kusoma saba", na maana yake ni kuchakachua idadi. Siku hizi hutumika zaidi kwa mtu anayepunguza umri wake. Yomu zamani lilikuwa pia "kuhesabu", na maelezo yanayotolewa sana ni ya sokoni: samaki wanaoza, muuzaji anawahesabu mbio mbio, mdomo unakimbia kuliko mkono, na mwisho hesabu haitimii. Yaani nchi ambayo saba si namba ndiyo iliyotoa nahau ya saba kuhusu kudanganya namba. Bwana wa redio angeipata hii angejenga ghorofa juu yake.

Njia ya saba nayo ipo, Saba Kaido. Kutoka ghuba ya Wakasa, wachukuzi walibeba samaki waliotiwa chumvi mgongoni kupita milimani hadi Kyoto, mji mkuu wa enzi hizo usio na bahari, kiasi cha kilomita 70. Chumvi iliyotiwa ufukweni ilikuwa imekolea vizuri samaki anapofika. Ndipo sushi ya saba ya Kyoto ikawa chakula cha sikukuu.

Na mji wa pwani njia hiyo inapoanzia unaitwa Obama.

Nimecheka peke yangu. Obama ya kule ni herufi mbili, "pwani ndogo". Obama ya huku ni jina la Kijaluo, la ukoo wa Kogelo, Siaya. Mwaka 2008 wakazi wa mji ule walimshangilia mgombea wa Marekani kwa fulana na ngoma, wakijua fika kwamba hawana undugu naye, na hiyo ndiyo namna yenye afya ya kuishi na sadfa. Mji umepata kadi yake, kijivu, na mshale kuelekea kadi ya samaki.

Jambo la mwisho la Japani. Baada ya tsunami ya 2011, mkoa wa Iwate ulitoa samaki wa makopo, saba, na kopo limeandikwa kwa Kifaransa Ça va? Kwa Kijapani matamshi yanagongana vizuri. Kwa Mswahili wa Lubumbashi au Bukavu, ambaye "sava?" anaitamka kutwa mara kadhaa, kopo hilo ni salamu halisi.

11 Juni

Kadi za haraka.

Italia, mkoa wa Emilia-Romagna: saba ni maji ya zabibu yaliyochemshwa hadi kuwa sharubati nzito nyeusi. Kilatini ilikuwa sapa, na lahaja za kaskazini mwa Italia hulainisha p iliyo kati ya irabu ikawa b. Waroma waliichemshia kwenye vyombo vya madini ya risasi, kwa ushauri wa waandishi wao wa kilimo kama Columella, na ikatoka tamu zaidi kwa kuwa risasi ikikutana na asidi hutoa chumvi yenye utamu na sumu. Kijivu.

Ufilipino: saba ni ndizi ya kupika, fupi, nene, yenye pembe. Huizungushia sukari guru kwenye mafuta moto na kuichoma kijiti, au huifunga kwenye karatasi ya unga na kuikaanga. Wanayo pia tomato sosi isiyo na tomato, ya ndizi, ambayo sifa ya kuibuni hupewa mkemia Maria Orosa. Mojawapo ya maelezo ya jina la jimbo la Sabah, Malaysia, ni ndizi hii hii. Kijivu kwetu.

Kioromo: saba ni taifa, watu. Namba saba ni torba. Kijivu, na nimeiweka karibu na ramani ya Kenya kwa ajili ya Waborana wa Marsabit.

Kiebrania cha leo: saba ni babu. Hapa nilikaa zaidi ya haraka. Limetoka Kiaramu, "mzee", na mzizi wake ni wa mvi. Kiarabu kina shayb, mvi, na shaib, mwenye mvi. Kisha sisi tunaye shaibu, mzee kikongwe, yule wa "shaibu na ajuza". Kwa hiyo saba ya Kiebrania haina uhusiano na saba yetu, ila ni binamu wa shaibu yetu, ambayo haifanani nayo hata kwa sura. Kati ya kadi zote nilizonazo hii ndiyo ninayotaka vijana waisimamie. Wanaofanana si ndugu, na ndugu wamepishana mlangoni bila kujuana.

Kisiwa cha Saba, Karibiani: mali ya Uholanzi, kilomita za mraba 13, volkano iliyolala yenye watu wapatao 2,000, na uwanja wa ndege wenye njia ya mita 400 tu inayoishia kwenye jabali pande zote mbili. Asili ya jina inabishaniwa: wengine wanasema ni neno la wenyeji wa kale la "mwamba", wengine wanamrudisha malkia. Rangi siitoi.

18 Juni

Saba-saba.

Tanzania ni tarehe 7 Julai, siku TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, na sasa ni maonyesho ya biashara. Kenya ni tarehe hiyo hiyo, mwaka 1990, watu walipokwenda Kamukunji kudai vyama vingi na kukutana na virungu na risasi; kifungu kilichoruhusu chama kimoja tu kilifutwa Desemba 1991. Uganda, muulize mtu aliyekuwa mtoto mwaka 1979, atakwambia saba-saba ni mlio. Ndivyo walivyoyaita makombora ya jeshi la Tanzania katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Masaka ananiambia shangazi yake bado akisikia radi ya ghafla husema saba-saba na kushika kichwa.

Hapa lugha ni moja na neno ni moja, ila ukivuka mpaka linakuwa sherehe, maandamano au mzinga. Nimejiuliza kama kadi hizi zina nafasi kwenye bango la lugha zisizo na undugu. Nimeziweka chini kabisa, na mpaka wa rangi nyingine.

25 Juni

Hesabu ya sadfa, kwa vijana wa namba. Chukua lugha mbili zinazopenda silabi wazi, kama Kiswahili na Kijapani. Tuseme zina konsonanti 12 za pamoja na irabu 5. Silabi ni 60. Maneno ya silabi mbili yanayowezekana ni 60 mara 60, yaani 3,600. Ukitaka irabu zote mbili ziwe a, kama saba, kaka, paka, taka, nafasi ni 12 mara 12: 144. Kila lugha ina maelfu ya maneno yanayogombania nafasi hizo chache. Cha kushangaza kingekuwa yasigongane.

Ndiyo maana bango halina kadi ya Kijojia wala ya Kipolandi. Lugha zinazorundika konsonanti zina nafasi nyingi zaidi, na saba haikai vizuri kwao. Nusu ya uchawi wa neno hili ni umbo lake tu.

4 Julai

Stationari. Uchapishaji wa kwanza wa majaribio ulitoa viboksi vitupu mahali pa Kiarabu na Kijapani, na kwenye wɔɔrɔ vilevile. Kompyuta yao haina fonti hizo. Kijana wa kaunta alitaka kuvifuta viboksi "ili pawe safi". Tumehifadhi faili upya kama PDF, fonti zikiwa ndani yake, ikatoka sawa. Kadi ya kisiwa imetoka nyeupe kama nilivyotaka. Kijani kimetoka kama njano iliyochoka, nimekikoleza kwa mkono.

7 Julai

Bango liko ukutani tangu asubuhi. Mama mdogo ametumiwa picha, akajibu kwa sauti: kwa nini mfungate imewekwa pembeni kwa herufi ndogo wakati ndiyo mwenye nyumba? Nimeipandisha. Sasa iko juu ya neno la katikati, kwa kalamu ya wino mzito, na bango limepoteza ulinganifu.

Chini niliacha kadi mbili tupu na kalamu imefungwa uzi. Kufika jioni moja ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wa kike wa haraka: "Sabasaba, kituo cha daladala, Barabara ya Kilwa. Ndugu zake: Mtoni, Mbagala." Mstari wa ndugu umejazwa, kwa hiyo kadi ina haki ya rangi. Nimeipa njano.